Sura ya Tisa: Inchi Mia Moja Thelathini na Moja

Mbwa aliizunguka pikapu ya Wendell Ostrander mara mbili, akanusa gurudumu la nyuma, kisha akaketi. Tangu jana alikuwa ameletwa hapo mara tano, na mara zote tano alifanya hivyo hivyo.

"Amechoka," alisema mwenye mbwa.

"Hajachoka," alisema Thora Nygaard. "Anatuambia kitu, sisi ndio viziwi."

Ilikuwa Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, na ukungu wa Oktoba ulikuwa umelala juu ya kijito kiasi kwamba daraja lilionekana nusu. Watu sitini walikuwa vichakani wakiita jina la mzee yule yule. Wendell, miaka sabini na mmoja, fundi mstaafu wa mabasi ya shule, alitoka nyumbani Jumanne asubuhi kwenda kuhesabu mialoni na hakurudi. Alikuwa na kisukari cha sindano, na siku ile alibeba sindano moja tu, ya mchana. Daktari wake alimwambia Thora kwenye simu jana usiku, bila kupamba maneno: "Ukimpata kabla ya jua kuzama kesho, niite. Ukimpata keshokutwa, usiniite mimi."

Thora aliogopa. Miaka ishirini na tatu ya upelelezi haikuwa imemponya hofu hiyo, na hakujisumbua kujidanganya kwamba imemponya. Mwaka uliopita alimpata mwindaji mmoja akiwa amechelewa kwa saa nne tu. Zile saa nne bado zilikuwa zinamwamsha.

Kila mtu alikuwa na uhakika kwamba mzee yuko hapa, kwa sababu ramani ilisema hivyo. Katika bonde hilo mialoni ya asili imebaki michache, na tangu majira ya kuchipua watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu wenye muda na viatu vizuri, walikuwa wakizunguka barabara za mashambani wakiiandika mmoja mmoja. Mtu anasimama kwenye mti, anaupima unene usawa wa kifua, anaujaza kwenye simu, na alama ya kijani inatokea papo hapo kwenye ramani ambayo wote wanaiona. Jumanne Wendell aliandika miti kumi na minne. Mti wa kumi na nne ulikuwa hapo darajani, pikapu ilikuwa hapo darajani, na simu yake ilizimika hapo darajani. Maji ya kijito yalikuwa yamejaa. Hata wale waliokuwa bado wanaita jina lake walikuwa wakiangalia maji zaidi kuliko vichaka.

"Kahawa, afande?"

Alikuwa Orrin Pruett, mkulima wa kule juu mlimani, na birika lake. Tangu Jumanne usiku hakukosekana ila alipofuata birika jingine. Alileta kahawa, alileta maandazi, alibeba redio ya upepo begani kama watafutaji wote. Uso wake ulikuwa umevimba, macho yamekuwa mistari miwili, shingo nyekundu yenye malengelenge.

"Huo uso umeuona daktari?" Thora alimwuliza.

"Upupu wa mwaloni tu, hili jani la kuwasha. Nilijitosa humu vichakani Jumanne usiku nikimtafuta mzee, sikutazama nashika nini." Akakohoa, akafuta mdomo. "Kuna kipya?"

"Hakuna."

"Mungu amsaidie," alisema Orrin, na akaenda kummiminia mwenye mbwa.

Simu ya Thora ikalia. Alikuwa Lavonne Teague, aliyefundisha hesabu shule ya sekondari ya pale kwa miaka thelathini na sita, na ambaye sasa ndiye aliyekuwa akisimamia orodha ya miti.

"Njoo ukumbini," Lavonne alisema kwa sauti ndogo. "Na usije na mtu."

* * *

Ukumbi wa wakulima ulikuwa na jiko, jukwaa na viti vya kukunja. Thora alipoingia tu, Lavonne alifunga mlango nyuma yake kwa ufunguo, akajaribu kitasa mara mbili. Mezani alikuwa ameketi Coralee, binti pekee wa Wendell, mwanamke wa miaka arobaini ambaye hakuwa amelala, na kifurushi cha sindano za baba yake kwenye mfuko wa barafu mapajani.

"Mwanangu, hesabu ulisoma na nani?" Lavonne aliuliza.

"Na wewe, mwalimu."

"Basi nitakuwa mpole. Soma safu ya unene. Mti wa kwanza mpaka wa mwisho."

Thora akasoma. "Ishirini na nane. Thelathini na tatu. Kumi na tisa. Arobaini." Aliendelea hivyo mpaka mti wa kumi na moja. Kisha: "Mia moja thelathini na moja. Tisini na nane. Mia moja na kumi na tano."

"Hizo ni inchi," Lavonne alisema. "Za kipenyo. Mwaloni wa kipenyo cha inchi mia moja thelathini na moja ungechonga chumba ndani yake ukampangisha mtu. Bonde hili halina mti huo."

"Kidole kiliteleza."

"Mara tatu mfululizo? Gawanya kwa tatu na kitu."

Thora akagawanya kwenye karatasi. Arobaini na mbili kasoro. Thelathini na moja. Thelathini na saba kasoro.

"Alfajiri hii nimekwenda darajani na tochi nikaipima mitatu ile mwenyewe," alisema Lavonne. "Ndiyo hiyo hiyo, kwa inchi. Sasa tazama." Akavuta tepu ya chuma kutoka kwenye aproni. "Huu upande ni inchi za kawaida, za fundi seremala. Geuza. Upande huu namba zimevutwa makusudi. Ukiuzungushia mti tepu ukasoma huku, unapata kipenyo moja kwa moja, hakuna cha kugawanya. Asiyefundishwa anasoma upande wa seremala, anaandika mzingo akidhani ni unene."

"Na Wendell?"

"Wendell? Tepu zetu zote ni yeye aliyezipaka rangi upande wa kusoma. Yeye ndiye anayefundisha!"

Nje gari lilipita, na wote watatu walilisikiliza mpaka likapotea.

"Kwa hiyo si Baba," Coralee alisema. "Ile mitatu si Baba aliyeiandika. Kuna mtu alishika simu ya Baba."

"Ndiyo."

"Akaendesha gari la Baba mpaka pale."

"Ndiyo, Coralee."

Ndiyo maana mbwa aliketi. Wendell hakuwahi kushuka kwenye pikapu ile pale darajani. Thora aliangalia saa za kwenye orodha. Mti wa kumi na moja uliandikwa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Wa kumi na mbili, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni. Pengo hilo waliliona tangu siku ya kwanza na wakaliruka.

"Ni mimi," Coralee alisema. "Mliniuliza mbona kwa saa saba nzima hakuandika kitu, nikasema Baba akishakula hulala garini. Ni mimi niliyewapoteza."

"Ulisema unachokijua kuhusu baba yako. Aliyetupoteza alijua tutaiamini ramani." Thora akamgeukia Lavonne. "Huyu mtu anaijua programu ya simu, ila tepu haijui. Kuna mtu wa namna hiyo?"

Lavonne alifikiri. "Mafunzo ya Aprili. Asubuhi tulifanya simu, humu ndani. Mchana tukala, kila mtu alileta bakuli lake kama kawaida. Alasiri tukatoka nje kwa ajili ya tepu. Lakini mvua ilinyesha ile ya kutupa, na wapo waliokula, wakashukuru, wakapotea."

"Majina."

"Walisaini asubuhi tu. Watu arobaini. Nipe muda nikumbuke."

"Mwalimu, kitu nisichokuwa nacho ni hicho." Thora alivaa koti. "Fungeni mlango. Asiingie mtu, hata kama ni wa kwetu. Hasa akiwa wa kwetu."

Alijuta kuyasema hayo, kwa sababu aliona Coralee akiukumbatia ule mfuko wa barafu kwa mikono miwili.

* * *

Mti wa kumi na moja ulikuwa kwenye ua wa Royce Gerig, maili sita kutoka darajani. Gerig alikuwa mzee aliyelima miti ya Krismasi, ekari mia na zaidi, na getini pake palikuwa na bango alilolipaka kwa mkono: UKIHESABU MITI YANGU, NAMI NITAHESABU RISASI. Watu wa kujitolea walilipiga picha bango hilo na kulicheka. Thora hakulicheka. Alishuka garini akiwa ameiacha zipu ya koti wazi upande wa bastola.

"Simama hapo hapo!"

Gerig alitoka bandani na bunduki imelala mkononi, mdomo wake ukitazama chini. Mdomo wa bunduki, maana wa kwake haukuwahi kutazama chini.

"Mzee Royce, weka hicho kitu ukutani tuongee."

"Niko kwangu."

"Uko kwako na mimi nina baridi. Wendell alipita hapa Jumanne saa nne na robo na kitu."

"Alipita. Akasimama barabarani na ule utepe wake, nikamtukana. Leo mnahesabu, nikamwambia, kesho mnakuja na sheria, keshokutwa siruhusiwi kukata kuni uani kwangu. Akanitukana na yeye. Nikampa maapulo."

"Maapulo?"

"Tunatukanana tangu darasa la pili, mama. Na kila Oktoba nampa maapulo. Yeye hali, sukari, anampelekea yule binti." Gerig aliegemeza bunduki ukutani bila kuonekana ameamua. "Kikapu bado kiko kwenye pikapu?"

Kilikuwemo. Thora alikuwa amekiona Jumanne na akakiandika tu: kikapu kimoja, maapulo.

"Na mtu unayempa maapulo kila mwaka amepotea siku tatu, hujaja kumtafuta hata dakika?"

"Nimtafute wapi? Darajani?" Uso wa mzee uliiva. "Nilimwambia konstebo wenu Jumatano hapa hapa nilipo. Nikamwambia Wendell hakwenda darajani, alipanda juu kwa Hesper. Aliniambia kwa kinywa chake, 'Acha nikaisalimie mialoni ya Hesper.' Konstebo akanitazama, akalitazama bango, akaninusa mdomo kama mlevi, akasema ramani inaonyesha vingine. Sasa unabishana nini na mtu mwenye ramani?"

Thora alipiga hesabu. Jumatano. Siku nzima imepotea.

"Hesper Pruett si yuko nyumba ya wazee?"

"Tangu mwaka juzi. Shamba analitunza mpwa wake, Orrin, na ndiye atakayelirithi. Kwa sharti moja. Bibi alisimama kanisani akaapa mbele yetu sote: atakayeigusa mialoni yake kwa msumeno hapati hata kuku. Kila Jumapili Orrin akienda kumwona, swali la kwanza ni hilo, mialoni yangu haijambo?" Gerig akatema mate kando. "Hana adabu ya moto lakini. Jumapili na Jumatatu moshi umeshuka huku mpaka nikafunga madirisha. Anachoma takataka na upupu humo humo. Kila mtoto wa bonde hili anajua upupu hauchomwi, moshi wake unakula mapafu."

Thora alikuwa anaukumbuka usiku wa Jumanne, saa mbili, darajani, watafutaji wa kwanza wakijipanga. Alimmulika Orrin Pruett tochi usoni ili aandike jina lake. Uso ulikuwa umeshavimba. Upupu wa mwaloni haujitokezi kwa saa moja. Unakaa siku, mara nyingine mbili, ndipo unaibuka. Alilijua hilo kwa ngozi yake mwenyewe, na bado asubuhi hii alipokea uongo huo pamoja na kikombe.

"Juu kule bado kuna nyumba?" aliuliza.

"Imeanguka paa. Kuna banda la mabati. Na ghala la chini la viazi, la babu yao." Gerig alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, na hasira ikamtoka. "Kwa nini unauliza kuhusu ghala, mama?"

Thora alikuwa ameshaingia garini.

* * *

Lavonne alipiga simu kabla Thora hajafika njia panda.

"Mabakuli," alisema, akihema. "Nilikuwa mjinga, nawaza majina, kumbe niwaze mabakuli. Mtu akiondoka baada ya vyombo kuoshwa anaondoka na bakuli lake. Aliyekimbia mvua aliliacha. Nimefungua kabati, limebaki moja tangu Aprili, la kuokea tambi. Chini kuna plasta yenye jina, kama sote tunavyoweka."

"Limeandikwa Hesper."

"Umejuaje? Lakini Hesper hatoki kitandani, Thora. Aliyekuja nalo ni—"

Mtandao ukakatika. Barabara ya mlimani haikuwa na mtandao zaidi ya hapo. Thora akachukua redio ya upepo.

"Konstebo Beale, hapa Nygaard. Acha darajani. Njoo shamba la Hesper Pruett, ghala la chini, na gari la wagonjwa. Haraka."

"Nimekupata," Beale alijibu. "Dakika thelathini na tano, barabara ya chini imejaa maji."

Alipoirudisha redio mahali pake, kosa lilimfikia kabla hajaliwaza. Watafutaji wote sitini walikuwa wamegawiwa redio, na kila redio ilikuwa kwenye wimbi hili hili.

Redio ikakwaruza.

"Afande," sauti ya Orrin ilisema, pole pole, ya mtu msaidizi. "Niko karibu na huko. Nilikuwa nafuata birika jingine. Nakuja kukusaidia."

Thora alikanyaga mafuta. Gari liliruka mashimo, kokoto zikapiga chini, na alijisikia akisema kwa sauti, "Usifike kwanza, usifike kwanza," kama mtoto.

Kileleni ukungu ulikuwa mwembamba zaidi. Mialoni ya Hesper haikuwepo. Kwenye ramani hapo pana alama arobaini na tatu za kijani. Mbele yake palikuwa na visiki, vibichi, rangi ya mkate, vimejipanga mpaka mteremkoni, na katikati rundo la majivu kubwa kama nyumba. Vijiti vya kupandia mizabibu vilikuwa vimeshachomekwa kwenye safu mbili za kwanza. Mwaloni mmoja ulikuwa umeachwa, ule ulioinamia banda, labda kwa kuogopa kuliangusha.

Thora alizima gari na kusikiliza. Kitu kilipiga bati kwa kishindo. Alikuwa amechomoa bastola kabla hajaelewa kwamba ni tunda la mwaloni limeanguka. Likaanguka jingine. Kila moja lilimpiga moyoni.

"Wendell!"

Hakuna.

Ghala lilikuwa nyuma ya banda, mlango wa mbao umelala kwenye mteremko wa udongo, umefungwa kwa komeo la chuma na kipande cha nondo kimepitishwa. Juu ya mlango palikuwa pamepangwa magogo mapya, mazito, matano. Alishika la kwanza, akalivuta, likasogea shubiri moja. Ndipo aliposikia injini.

Pikapu ya Orrin ilisimama nyuma ya gari lake, ikaziba njia. Orrin alishuka. Nyuma ya pikapu kulikuwa na mifuko ya saruji na koleo. Koleo alilishika.

"Liache," Thora alisema.

"Ni la kusaidia kufungua, afande."

"Liache chini, Orrin."

Umbali ulikuwa hatua kumi na tano. Thora alimwelekezea bastola kwa mikono miwili.

"Sikumpiga," alisema Orrin. Machozi yalitoka kwenye ile mistari ya macho yake. "Niandikie hivyo. Alisimama pale kwenye visiki akaanza kuvihesabu. Kimoja, viwili, vitatu, kwa sauti, mbele yangu! Nikamwambia acha. Akasema Jumapili atamwambia Hesper mwenyewe. Nikamsukuma. Kumsukuma tu. Akaanguka vibaya juu ya kisiki, nyonga ikalia kama kuni. Nikadhani amekufa."

"Ukamweka humu."

"Nikadhani amekufa, afande. Nitafanyaje na maiti mchana?"

"Koleo."

Akaliacha. Thora alimwambia alale kifudifudi, akalala. Akamfunga pingu kwenye chuma cha kuvutia tela nyuma ya pikapu yake mwenyewe, akafunga mara mbili, akarudi nyuma hatua tatu kabla ya kupumua.

"Lini ulijua hajafa?" aliuliza.

Orrin alikuwa na shavu kwenye matope. "Jana."

"Umejuaje?"

"Alikuwa anagonga."

"Na leo asubuhi?"

Orrin aliuficha uso kwenye matope.

"Orrin. Leo asubuhi ulipopita kuchukua birika, alikuwa anagonga?"

"Leo sikusikia," alisema, na akaanza kulia kwa sauti.

Thora aliviringisha magogo, moja baada ya jingine. La nne lilimponda kidole na hakuhisi kitu. Akachomoa nondo, akalivuta komeo, akauinua mlango kwa mgongo wake. Harufu ya udongo, viazi vya zamani na mkojo ilimpiga usoni. Ngazi saba. Alishuka huku tochi ikicheza ukutani.

Wendell Ostrander alikuwa amejikunja pembeni, ambapo maji ya mvua yalichuruzika kutoka kwenye jiwe. Shavu lake lilikuwa limebandikwa kwenye jiwe hilo. Mguu mmoja ulitazama upande usio wake. Kucha zilikuwa zimeisha. Thora alipiga magoti, akaweka vidole viwili shingoni, na hakupata kitu. Akasogeza vidole. Hakupata kitu. Akajilazimisha kushika pumzi yake mwenyewe, kwa sababu alikuwa anahema kiasi cha kuzuia kila kitu, akasogeza vidole mara ya tatu.

Palikuwa na kitu. Kidogo, cha haraka, lakini kilikuwepo.

Akainua redio. Sasa alitaka wote sitini wamsikie.

"Yuko hai. Beale, leta gari la wagonjwa mpaka juu. Aliye karibu na Gerig amwambie aje na trekta aiondoe pikapu njiani. Coralee, Mwalimu akulete. Beba ulichobeba."

Ikaja sauti ya Coralee, kutoka kwenye redio ya ukumbini: "Sema tena."

"Baba yako yuko hai, Coralee. Njoo."

Alivua koti akamfunika mzee, akachovya leso kwenye maji ya jiwe na kumlowesha midomo. Kope zikasogea. Wendell alimtazama kwa muda mrefu bila kumjua.

"Polisi," Thora alimwambia. "Ni Thora. Ulitutengenezea basi letu la shule. Usiongee."

Akaongea. Sauti ilikuwa ya karatasi. "Alikuja."

"Nani alikuja?"

"Orrin. Jana. Nikagonga. Nikamsikia anapumua hapo mlangoni." Alimeza, na kumeza kulimchukua muda. "Nikamwomba maji tu. Nikamwita kwa jina. Nikasema, Orrin, mwanangu, maji tu."

"Akasema nini?"

"Alisimama. Kisha nikasikia magogo."

Huko juu Orrin alikuwa bado analia, na kilio kilishuka ngazini. Wendell alikisikia. Mwili wote ukamkakamaa, mkono wenye vidonda ukaudaka mkono wa shati la Thora, na mzee aliyekuwa hana nguvu ya kumeza akaanza kujiburuza kwenda ukutani, mguu ule ukimfuata.

"Amefungwa pingu," Thora alisema. "Hawezi kushuka. Sikiliza, hawezi. Nitakwenda niufunge ule mlango usimsikie."

"Hapana!" Ilikuwa kelele, ndogo lakini kelele. "Usifunge. Usifunge mlango. Usifunge."

"Sifungi."

"Usifunge."

"Sifungi, Wendell. Tazama, uko wazi."

Hakumwamini. Alikuwa anautazama mwanga wa juu bila kupepesa, na kila Thora alipojisogeza, vidole vilizidi kukaza. Basi Thora aliketi kwenye ngazi ya mwisho, mkono mmoja ukiwa umeshikwa na mzee, mwingine umeshika bastola gotini, uso umeelekea mlangoni. Dakika ishirini zilibaki kabla ya Beale kufika. Kila baada ya muda mfupi mzee alimwuliza kama mlango uko wazi, na kila mara Thora aligeuka, akautazama kweli, akamjibu kwamba uko wazi.